Jicho la Pili la Kobe

Kasulu,
12 Januari 1975

Kwa Shangazi yangu mpendwa, Bi Kuruthumu,

Shikamoo Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta nyuma ya kaunta yako, mizani mbele, ukimgombeza mtu. Huku sote wazima. Asia anakusalimu. Mtoto wetu Tunu, ambaye bado hujamwona, ameota meno mawili na anayajaribu kwenye kila kitu, hata kwenye mpini wa chuma changu cha kulehemu. Kazi ya redio inaenda. Juzi niliitwa mpaka Titye kutengeneza redio ya mzee mmoja, kumbe ndani mlikuwa na kiota cha panya na hapakuwa na ubovu mwingine wowote.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Venanti, yule utingo wa basi la Kibondo, ameniambia kwamba mwezi uliopita uliigonga baiskeli iliyoegeshwa mlangoni kwako, upande wa kushoto, mchana kweupe, ukaanguka nayo. Amesema pia kwamba siku hizi unaipapasa ndoana ya mizani kabla ya kuning'iniza kitu. Shangazi, nasikia daktari wa macho atafika Kigoma mwezi wa kumi, baada ya Idi. Ukikubali nitakuja kukuchukua twende pamoja.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Hilali

Kibondo,
2 Februari 1975

Kwa mwanangu Hilali,

Marahaba. Salamu zimefika na mimi ni mzima kabisa. Mvua ni nyingi, maharage ya Kasanda yamechelewa kwa ajili ya tope. Maximilla, jirani yangu aliyekimbilia huku kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, sasa ananisaidia dukani asubuhi, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha Venanti. Nibusie Tunu. Vyuma vyako viweke juu.

Kuhusu baiskeli, mwenye kosa ni aliyeiegesha pale. Macho yangu ni mazima. Mwambie Venanti ashughulike na mizigo ya watu aache habari za watu. Na wewe usinitajie daktari. Unajua jinsi mama yangu, bibi yako Tunu, alivyomkubali mganga mmoja wa kupita amwingizie chuma jichoni. Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo akishikwa mkono kwenda chooni, na mkono wenyewe ulikuwa wangu. Basi. Ukiandika tena habari ya macho, barua yako nitafungia karanga.

Kama unataka kunifurahisha, nisaidie hili. Karatasi za kufungia ninazonunua Kigoma ni magazeti ya zamani ya kila nchi. Juma lililopita nilitaka kumfungia mtu chumvi, nikaona mkononi mwangu picha kubwa ya kobe wa bati. Ana magurudumu chini, mtu amemmulikia tochi, na yeye anaifuata. Yule mtu nikamfungia chumvi yake katika karatasi nyingine. Mwalimu Leonidasi wa shule ya msingi hapa anajua Kiingereza, akanisomea. Imeandikwa kwamba kobe huyo havutwi na kamba, anaufuata mwanga mwenyewe, na kwamba mtu yeyote anaweza kumtengeneza nyumbani. Mtu yeyote, Hilali. Na mimi ni mtu.

Nina miaka hamsini na minane, na thelathini kati yake nimeimaliza nikipima chumvi na mafuta ya taa. Nataka kutengeneza kitu kinachokwenda. Usinicheke. Karatasi hiyo nimeiweka humu ndani, na uirudishe.

Shangazi yako,
Kuruthumu binti Abbasi

Kasulu,
23 Februari 1975

Shikamoo Shangazi,

Sisi hatujambo, ila Tunu alikuwa na homa siku mbili na sasa amepona.

Nimecheka, nisikufiche. Nimecheka mpaka Asia akaja kuuliza kuna nini, akaisoma barua, akanikemea. Lakini ni wewe uliyenitandika nilipoifungua redio yako nikiwa na miaka tisa. Ni wewe uliyenilea baada ya mama kufariki ukitaka nirithi kaunta yako, na nilipoondoka kuja huku ukawaambia watu kwamba kijana mzima anakwenda kuchokoa matumbo ya redio. Leo unataka nikufundishe kuchokoa. Haya, Shangazi, nakubali kwa moyo mmoja. Na lile jingine nalinyamazia kama ulivyotaka, ingawa sijalisahau.

Kobe ana betri, ndiyo chakula chake. Ana mota mbili, ndizo miguu. Ana macho mawili, na waya za kuunganisha vyote hivyo. Usianze na macho. Kila anayeanza kazi hii hutaka kuanza na macho, mwishowe anabaki na kopo zuri lisilokwenda. Natuma kwa Venanti mota mbili nilizozitoa kwenye mashine za santuri zilizokufa. Kila mota ina nyaya mbili: mmoja uguse kichwa cha betri, mwingine kitako. Itazunguka. Ukizibadilisha nyaya, itazunguka kinyume. Cheza na hilo tu kwa juma zima mpaka likuchoshe.

Kisha kata kiwiliwili kutoka kwenye debe. Magurudumu yawe vifuniko vya makopo ya maziwa, uyavishe ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mota usiifunge moja kwa moja kwenye gurudumu, maana inakwenda kasi mno. Ncha yake iguse ukingo wa mpira tu, ilizungushe gurudumu polepole. Mbele weka gololi ndani ya kizibo, iwe gurudumu la tatu. Chuma cha kulehemu, nilichokuwekea humo pamoja na risasi ya kuungia, kipashe kwenye jiko la mkaa, kiive lakini kisiwe chekundu.

Hilali

Kibondo,
20 Machi 1975

Kwa mwanangu Hilali,

Salamu nyingi. Nashukuru Tunu amepona. Huku tunajiandaa na Maulidi, na duka limejaa wanunuzi wa sukari wakati sukari yenyewe haipo. Shehena ya vikombe vya enameli imefika imechubuka kwa mashimo ya barabara. Nimeshinda siku nzima na kibrashi nikivipaka rangi kimoja kimoja. Unajua desturi yangu, kikombe hakitoki dukani kwangu na kidonda.

Hilali, kimekwenda. Nimeungua vidole viwili, na Maximilla ameungua kimoja kwa kutaka kuona. Juma la kwanza sikufanya kitu ila kugusisha nyaya na kuziachia, kama ulivyosema, na sikuchoka. Jana nilimaliza magurudumu, nikamweka sakafuni, nikaunga betri. Akaondoka kinyumenyume mpaka chini ya kitanda changu. Maximilla akasema, "Mana yanje, kirakimbia!" yaani Mungu wangu, kinakimbia. Nikamvuta kwa ufagio, nikageuza nyaya za mota zote mbili, akaenda mbele.

Nikakaa chini sakafuni, nikalia kidogo. Sijui kwa nini nakuandikia hilo. Miaka thelathini vitu vyote vinavyopita mikononi mwangu vimetengenezwa na watu wengine.

Lete jicho.

Shangazi yako

Kasulu,
6 Aprili 1975

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimemsomea Asia mara mbili, na ya pili aliitaka mwenyewe. Hongera sana. Wengi wanaoanza kazi hii kwangu hawafiki hata chini ya kitanda.

Natuma jicho moja kwa sasa, la pili bado nalitafuta. Ni transista ya kioo, ndogo kama punje ya harage, yenye miguu mitatu. Iliyo karibu nayo kwenye kibao, yenye koti la bati, ni msaidizi. Jicho huona lakini halina nguvu, msaidizi ndiye anayeisukuma mota. Nimekwisha kulitayarisha, wewe lehemu waya mwekundu kwenye betri na mweusi kwenye mota. Libandike upande wa kushoto wa kichwa. Mwanga ukiligusa, gurudumu litazunguka. Ukilikinga kwa kiganja, litasimama.

Likifanya kazi niambie, nami nitakutumia la pili pamoja na siri ya kumfanya ageuke.

Hilali

Kibondo,
18 Mei 1975

Kwa mwanangu Hilali,

Samahani kwa kuchelewa. Basi lilikwama njiani siku tatu, kisha nikawa na shughuli. Maximilla anakusalimu, shamba lake limetoa mahindi mazuri. Mwalimu Leonidasi ameoa tena. Nibusie Tunu.

Kifurushi kimefika, ahsante, kilifungwa vizuri. Nimelehemu kama ulivyoeleza. Nitumie la pili.

Shangazi yako

Kasulu,
8 Juni 1975

Shikamoo Shangazi,

Tunu amesimama. Ameshika mguu wa meza yangu ya kazi na hataki kuuachia, kwa hiyo nafanya kazi nikiwa nimemzunguka.

Hukusema kama gurudumu lilizunguka, lakini umeomba jicho la pili, nami nimechukulia kwamba lilizunguka. Hili hapa. Siri yenyewe ndiyo hii: jicho la kushoto liendeshe gurudumu la kulia, na jicho la kulia liendeshe la kushoto. Mwanga ukiwa kushoto, gurudumu la kulia litasukuma zaidi, na Kobe atageukia kushoto, kwenye mwanga. Ukiwa mbele yake, macho yote mawili yataona sawa, atakwenda moja kwa moja. Hana akili nyingine zaidi ya hiyo, na inamtosha.

Shangazi, barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari sita katika ukurasa mzima, na yote inapanda mlima. Niliahidi kunyamaza, kwa hiyo nimeitazama tu.

Hilali

Kibondo,
20 Julai 1975

Kwa mwanangu Hilali,

Natumaini wote ni wazima. Mimi sijambo. Vikombe vya safari hii vimefika salama vyote, sikupaka rangi hata kimoja, lakini wateja wamekuwa wakorofi, wananirudishia wakidai vina kasoro.

Nimeaibika, na wa kumwambia ni wewe tu. Siku ya Saba Saba Mwalimu Leonidasi alinipatia meza uwanjani, kati ya mihogo na vikapu. Watu walijaa. Nikamweka Kobe chini kwenye turubai, nikamwelekeza jua. Akaanza kuzunguka upande wa kulia. Akazunguka, akazunguka, kama mtu aliyefungwa mguu. Mmoja akasema kobe wa Bi Kuruthumu amelewa, na uwanja mzima ukacheka. Nilimbeba nikarudi nyumbani kabla ya hotuba.

Sasa nikwambie nililokuficha. Jicho la kwanza halikuwahi kufanya kazi hata siku moja. Lilifika limechubuka upande mmoja, rangi nyeusi imetoka, kioo kinaonekana. Nikaona ni barabara hii hii inayoniharibia vikombe. Sikutaka ujue, usije ukajiona umenitumia kitu kibovu. Nikalifanyia ninavyofanyia bidhaa zangu: nikakoroga wanja na gundi, nikalipaka mara mbili, likarudi jeusi zuri kabisa. Lilipokataa kufanya kazi nikanyamaza, nikaomba la pili.

La pili lilifika zima, halina hata mkwaruzo. Nimelitazama vizuri. Nalo ndilo linaloona, la kwanza limekufa. Nitumie jingine, na safari hii ulifunge kwa pamba.

Shangazi yako

Kasulu,
27 Julai 1975

Shikamoo Shangazi,

Leo sina habari za nyumbani. Nimeipokea barua yako nikiwa kazini na nimefunga kibanda ili nikuandikie.

Kwanza, kosa la Saba Saba ni langu. Jicho halikuchubuka njiani. Nililikwangua mwenyewe kwa wembe. Transista hizi hupakwa rangi kiwandani ili mwanga usiingie ndani na kuzivuruga, na sisi tunautaka huo mwanga. Niliandika kwamba nimelitayarisha, nikadhani nimeeleza. Ulipopaka wanja ndipo ulipolifunga. Halijafa. Likwangue kwa ukucha, litaona.

Pili, navunja ahadi yangu. Jicho lile jingine nalo nililikwangua. Nililikwangua kuliko la kwanza, pande zote mbili, hapakubaki rangi ila utepe mwembamba shingoni. Shangazi, la kwanza lilikuwa na dirisha dogo kama punje ya mtama, na uliliona. La pili ulilishika mkononi likiwa kioo kitupu, ukalitazama vizuri, ukaniandikia kwamba ni zima, halina hata mkwaruzo. Kati ya vifurushi hivyo viwili ni miezi miwili tu. Nikafikiria na vile vikombe wanavyokurudishia, nikashindwa kuendelea na kazi.

Siwezi kukulazimisha. Nimekwenda kwa mzee Pasikali, anaishi karibu na soko hapa. Alitolewa mtoto wa jicho mwaka jana na daktari huyo huyo wa Kigoma, na sasa anasoma Biblia yake mwenyewe. Nilimweleza habari ya bibi Tunu na yule mganga. Akasema, "Mwambie shangazi yako jicho langu halikuwa limekufa. Lilikuwa limefunikwa."

Litengeneze jicho la Kobe. Ukishalitengeneza, nijibu kuhusu lako.

Hilali

Kibondo,
14 Septemba 1975

Kwa mwanangu Hilali,

Ramadhani njema kwako na kwa Asia. Nimekaa muda wote huu bila kujibu kwa sababu nilikukasirikia, na nilipomaliza kukukasirikia nikaanza kuogopa.

Wanja nimeukwangua. Maximilla alitaka kunifanyia nikamkatalia, nikakwangua kwa ukucha, kwa kupapasa, mpaka kidole kikaniambia ni kioo. Nikafungua mlango wa mbele asubuhi, nikamweka Kobe chini ya kaunta akitazama ukutani, nikamwachia. Alinguruma, akageuka, akaenda, kisha nikasikia bati likigonga kizingiti. Nilisikia tu, Hilali. Sikumwona. Maximilla ndiye aliyeniambia kwamba hakuzunguka hata mara moja, kwamba alikwenda mlangoni moja kwa moja.

Nimetengeneza kitu kinachokwenda, na kwenda kwake mimi nimehadithiwa tu.

Sasa nakwambia ninachoogopa, na usimwambie mtu. Kisu sikiogopi sana. Naogopa kushikwa mkono. Nilimshika mama yangu miaka kumi na mmoja, na siku nyingine nilichoka, nikamvuta kidogo kuliko ilivyostahili, na yeye akajua, hakusema. Sitaki Tunu wako akue akinivuta.

Njoo baada ya Idi. Uje mwenyewe, na karatasi yangu ya kobe uje nayo, maana hujairudisha.

Shangazi yako

Kibondo,
30 Novemba 1975

Kwa mwanangu Hilali, na mkeo Asia, na bibi mdogo Tunu,

Nimefika salama. Venanti alinishikia mkoba, na njia nzima hakusema neno la mtu yeyote, nadhani wewe ndiye uliyemwonya. Miwani ni mizito na inanikalia puani kama mzigo, lakini daktari amesema niizoee. Jicho la kushoto alilolipasua analisifu. La kulia atalipasua mwakani, na sina ubishi.

Kwanza kabisa, Hilali, mwandiko wako ni mbaya. Nimetoa barua zako zote za mwaka huu nikazisoma upya. Nilidhani ni macho.

Pili, nimeona vikombe. Wateja hawakuwa wakorofi. Nimevipaka rangi vyote na nimewaomba radhi wale niliowagombeza, isipokuwa mmoja, ambaye alistahili kwa sababu nyingine.

Tatu, uso wa Tunu. Uliponipakatisha kule Kasulu tulipotoka kwa daktari nilinyamaza ukadhani nimechoka na safari. Ana paji la uso la mama yangu. Anakunja nyusi vile vile akikataa uji. Nilikuwa nimelisahau paji hilo, maana mama alipofariki nami nilikuwa nimezoea kuutazama mkono wake tu. Nilishukuru Mungu, na nakushukuru wewe. Nilipowaambia watu kwamba unakwenda kuchokoa matumbo ya redio nilisema vibaya. Nilikuwa naogopa kubaki peke yangu na mizani.

Kobe ni mbaya wa sura, kumbe. Bati nimelikata upogo na risasi imemwagika kila mahali kama uji wa mtoto. Lakini jana asubuhi nilifungua mlango, nikamwona akitoka chini ya kaunta, akageuka, akapita kati ya magunia mpaka kizingitini. Nilimwona mwanzo hadi mwisho. Sikumwita Maximilla.

Karatasi uliyonirudishia nimeibandika ukutani, kisha nikaibandua. Nilikuwa nayo juma zima kabla sijakutumia, niliishika mara nyingi, na sikujua kwamba nyuma yake nako kuna picha. Ni mkono wa bati, wenye vidole vitatu, umeshika kikombe na hakimwagiki. Mwalimu Leonidasi anakuja kesho kunisomea.

Nitumie mota tatu na macho mawili. Na safari hii usinitayarishie kitu. Nitakwangua mwenyewe.

Shangazi yako,
Kuruthumu binti Abbasi